Maji ya Magotini

Watu wakiingia dukani kwangu hapa Dodoma na kuona fimbo za kuvulia zimeegemezwa ukutani, nyuma ya nyaya na balbu, swali huwa lile lile: Mgogo na bahari, wapi na wapi? Nimezaliwa Mvumi. Utotoni nilichunga mbuzi wa babu, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya lambo ambalo Oktoba ikifika linabaki matope. Bahari nimeikuta ukubwani, nilipokwenda Tanga kutafuta kazi nikaajiriwa msaidizi wa boti kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, kusini ya mji. Nilikaa kule miaka mingi, hadi hali ya mama iliponirudisha nyumbani.

Samaki wa ghuba za pwani wanafika mpaka soko la Majengo, ndani ya maboksi ya barafu, na tunawala bila kujua walikotolewa. Kanuni za kuwalinda nazo zinaandikwa huku huku kwetu: wizara inayoshughulika na uvuvi iko Mtumba, Bunge liko hapa mjini. Kwa hiyo mtu wa Dodoma hawezi kusema habari za bahari hazimhusu, na ndiyo sababu naandika.

Wageni wa hoteli waliokuja kuvua walikuwa na namna yao. Katika uvuvi wa fimbo uliozoeleka, risasi, kile kipande kizito cha madini, ndiyo inayoubeba mshipi kwenda mbali. Wao chambo chao ni manyoya na nywele zilizofungwa kwenye ndoana zikafanana na dagaa au kamba, na chambo cha namna hiyo hakina uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito makusudi, mbele yake kuna nailoni nyembamba isiyoonekana majini. Unaupeleka mshipi nyuma, unausubiri unyooke angani, ndipo unaupeleka mbele. Ukiharakisha kabla haujanyooka, unaporomoka miguuni pako. Upepo wa kusi ukikaza, hata mzoefu anahangaika.

Walichokitafuta hasa ni kolekole. Yule mkubwa wa jamii hiyo anaweza kufika kilo 80, ingawa wanaoingia ghubani huwa wadogo kuliko hapo kwa mbali sana, na hata wa kilo tano atakuchosha mikono. Wengine walimtaka mwatiko, ambaye chakula chake kikubwa ni mwani na vidudu, na kumshawishi ameze manyoya ni kazi ya subira.

Kilichonishika mimi hakikuwa samaki mkubwa. Ni kwamba uvuvi huu unafanywa ukiwa umesimama ndani ya maji ya magotini, unatafuta kwa macho. Mvuvi wa mshipi wa kilindini anateremsha ndoana mahali asipopaona. Huyu wa manyoya anatembea polepole, amevaa miwani ya kuua mng'ao, anaburuza nyayo mchangani ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka kabla hajakanyagwa. Anaweza kukaa saa nzima bila kurusha hata mara moja, anatazama tu. Ukitazama maji ya magotini saa nzima, siku baada ya siku, unaanza kuona nani anaishi mle.

Ghuba yetu ilikuwa Mtangata, pale Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Ni karibu na hapo ambapo Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwaka 1499, aliichoma moto moja ya merikebu zake kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Ghuba ina mikoko pembeni, halafu tope, halafu mbuga pana ya nyasi bahari inayoachwa karibu wazi maji yakipwa. Imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa huko walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka michache kabla. Watu wanavua ndani ya hifadhi, kwa masharti. Kila mgeni tuliyempeleka alikata kibali kwanza, na tulipita kwa viongozi wa kijiji kabla ya kuingia majini.

Aliyenifundisha kuyasoma maji hakuwa mgeni wala kitabu. Alikuwa mzee mmoja wa dema, mtu wa kusuka mitego yake mwenyewe na kuitega kwenye nyasi kwa ajili ya tasi. Siku ya kwanza alinikuta najaribu fimbo ya mgeni peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huo mjeledi unamchapa nani?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimesimama mahali pazuri saa mbaya. Maji yalikuwa mafu, mwezi ukiwa nusu, na maji mafu hayana nguvu ya kumleta samaki mkubwa juu ya mbuga. Akanihesabia: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji makubwa, na kwa Tanga bamvua hupanda na kushuka kiasi cha meta tatu. Maji yakipwa, kolekole hushuka na kusubiri kwenye mkondo. Yakianza kujaa, wanapanda nayo, wanafuata kingo za nyasi kula kamba, kaa na vitoto vya samaki, na wakubwa wanatangulia kurudi kabla mbuga haijakauka. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa dakika kama hamsini. Mzee hakuwa na saa ya mkononi wala hakuihitaji.

Kwa msaada wake nikaelewa kwamba ile mbuga ya nyasi ndiko wanakolelewa watoto wa samaki wengi wa miamba. Changu, tasi, kolekole, chewa wengine, wengi wao hupitia utoto wao kwenye nyasi na mizizi ya mikoko, mahali ambapo papa mkubwa hafiki kirahisi na mzia mkubwa anashindwa kugeuka. Maji ya magotini yanaonekana matupu kwa anayepita na boti. Ukisimama kimya yanajaa.

Sasa juya. Wale wasiolijua, ni wavu mrefu wa macho madogo unaozungushwa na kukokotwa kuelekea ufukweni, chini yake risasi, juu yake maboya. Ni marufuku kisheria, na kila mtu ufukweni anajua hivyo. Nimesimama mara nyingi pembeni wakilivuta. Watu wanagawanyika pande mbili, wanavuta kwa kuimba, na risasi zinalima nyasi zote zilizo njiani. Mfuko ukifika mchangani unafunguliwa, na kinachomwagika ni hiki: changu wa urefu wa kidole, tasi wadogo ambao hata mwiba wao haujawa mgumu wa kuchoma, vitoto vya kolekole vinavyoenea kiganjani, kaa waliovunjika miguu, farasi bahari mmoja au wawili, na lundo la nyasi zilizong'olewa na mizizi yake myeupe. Samaki wa kuuza kwa bei hawafiki robo ya ndoo. Wanaobaki wanapangwa mafungu mafungu kwa bei ya chini, wengine wanaanikwa, na wale wa mwisho kabisa wanaachiwa kunguru.

Kolekole wa ile aina kubwa huanza kuzaa akifika kama sentimeta 60, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Yule wa kiganjani ana miezi tu. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Lakini sikubaliani na wanaowatukana vijana wa juya. Wavu ule si wao. Ni wa tajiri aliye mjini, ambaye anachukua sehemu kubwa ya mauzo, na wao wanagawana kinachobaki, siku nyingine pesa ya unga na sukari basi. Operesheni ikija wanakamatwa wao, wavu unachomwa, na baada ya muda tajiri ananunua mwingine. Kwa uvuvi wa baruti serikali ilionyesha kwamba inawezekana: nilipofika Tanga mlipuko ulisikika hata asubuhi ya kawaida, na tangu zile operesheni za miaka ya 2016 hadi 2018 zilizofuata mnyororo wa baruti zenyewe, milipuko ilipungua sana pwani nzima. Walifuatwa wauzaji na wafadhili, si mtupaji peke yake. Juya halijapata nguvu ya namna hiyo, na sioni kwa nini lisipate.

Sehemu ngumu kuieleza, huko na huku, ni kumwachia samaki. Wageni wengi walikuwa wakimnasa kolekole, wakimshangaa, kisha wakimrudisha majini. Kuna wanaofikiri kumrudisha ni kumtupa tu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anaishi, na ina utaratibu wake. Kwanza, kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke nakibana kwa koleo tangu nyumbani, ili itoke kwa kuisukuma kidogo. Pili, fimbo iwe na nguvu ya kumleta samaki upesi, kwa sababu samaki aliyepiganishwa muda mrefu damu yake inajaa uchovu ambao unaweza kumuua baada ya wewe kuondoka ukijisifu. Tatu, mikono ilowe. Mwili wa samaki una ute unaomkinga na magonjwa, mkono mkavu unaufuta. Simwinui juu kwa picha ya kupozi. Kama picha ni lazima, anabaki nusu majini. Namshika kwenye shina la mkia, mkono mwingine chini ya tumbo, kichwa kielekee maji yanakotoka ili yapite kwenye matamvua. Simsukumi mbele na nyuma, kwa sababu maji ya kurudi nyuma hayamsaidii kupumua. Nasubiri. Mkia ukianza kukaza mkononi, hata kabla hajajitikisa, najua yuko tayari, namfungulia. Na kama kuna papa au mzia anazunguka karibu, tunahama mahali hapo kabisa, maana kumwachia samaki aliyechoka mbele ya mdomo wa mwenzake si kumwokoa.

Mzee wa dema alitazama yote haya kwa muda kabla ya kusema neno. Siku aliyosema, alisema, "Mwanangu, kumrudisha samaki ni jambo la mtu ambaye chungu chake kina kitu." Nilimwambia ni kweli, na bado naona ni kweli. Mimi mwenyewe changu aliyekomaa namla, na ninamla kwa furaha, kwa pilipili na ndimu. Ninayemrudisha bila mjadala ni mdogo ambaye hajazaa na mkubwa kupita kiasi, hasa jike. Kwa samaki wengi wa baharini, jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa ambao ukiwapima pamoja uzito wao unalingana na wake. Mila ya kusifia samaki mkubwa kuliko wote kama ushindi inatugharimu, na hapo nawalaumu wavuvi wa starehe zaidi ya wale wa kitoweo.

Mgeni mmoja alinisimulia habari za Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ambako tangu mwaka 2009 sheria inataka aina tatu za samaki wanaopendwa na wavuvi wa fimbo waachiwe wote, kwa sababu samaki mmoja aliye hai analipa ujira wa mwongozaji tena na tena. Naipenda sheria hiyo kwa mahali pake. Ghuba zetu zina watu wengi wanaokula kutoka humo kila siku, na sheria inayowaambia waache kula ili mtu wa mbali acheze haitaheshimiwa hata wiki. Kinachoweza kuheshimiwa ni kile ambacho kijiji chenyewe kinaona faida yake. Vijiji vya Songosongo, na vingine kule Pemba, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue. Pweza anaishi mwaka mmoja hivi na anakua haraka mno, kwa hiyo siku ya kufungua mwamba watu wanaiona tofauti kwa macho yao. Ziwa Tanganyika nalo lilipumzishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, nchi zote nne kwa pamoja. Mbuga ya nyasi ingetendewa hivyo, hata kipande tu, nadhani hata tajiri wa juya angekosa vijana wa kumvutia.

Niliporudi Dodoma nilidhani fimbo zitakaa kwenye mifuko yake. Haikuwa hivyo. Wenzangu wa Tanga walikuwa bado wanapeleka wageni, na vyambo vya kuagiza nje ni ghali. Nikaanza kuvitengeneza hapa nyuma ya duka. Jumamosi naenda mnada wa Msalato, napita kwa wachuna ngozi, nachagua beberu mzee mweupe. Nywele fupi za ubavuni hazifai. Nazitaka za mstari wa mgongoni na ndevu. Naziosha kwa sabuni ya kipande, nazikausha kivulini, kisha nazipanga kwa urefu. Nywele za beberu zikilowa hazivimbi, zinalala na kupepea kidogo kila ukivuta mshipi, na kwa kolekole huyo ni dagaa anayekimbia. Mtindo ninaoufuata sana ni ule aliouanzisha Bob Clouser wa Marekani mwaka 1987, wenye macho mawili ya risasi juu ya ndoana yanayokifanya chambo kigeuke, ncha ikae juu isikwame kwenye nyasi. Yeye alitumia mkia wa paa wa kwao, mimi nina beberu wa Msalato. Kiunoni nazungusha nyuzi za shaba ninazozichomoa kwenye vipande vya waya vilivyobaki dukani. Ndoana nachagua zile zinazoshika kutu, si zile zisizooza, ili samaki akikata mshipi akaondoka nayo asiibebe maisha.

Siku za likizo napanda treni mpaka Dar, halafu basi la Tanga. Miezi mingine yote maji yangu ni bwawa la Mtera.

Mtera si bahari, na kitu cha kwanza ninachomwambia kijana yeyote ni kwamba mle haingii mtu kwa miguu. Kuna mamba na kuna viboko. Tunavua juu ya miamba mikavu au ndani ya mtumbwi. Lakini nilipoanza kuyatazama maji ya ukingoni kwa macho niliyoyapata Mtangata, niliona jambo lile lile. Perege dume anachimba kishimo cha duara kwenye mchanga wa maji mafupi, anakisafisha kwa mdomo, anakilinda. Jike akitaga pale anayachukua mayai mdomoni, na vifaranga vinakulia mle mpaka viweze kuogelea vyenyewe. Kokoro, wavu wa kukokotwa kama juya, likipita linafukia vishimo, na jike aliyenaswa anatapika mayai kwenye sakafu ya mtumbwi. Nimeyaona, madogo, ya manjano, yanakauka juani.

Na maji haya hayajatengana na yale. Mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo inakutana Mtera, maji yanazungusha mitambo ya megawati 80, yanashuka Kidatu, yanaingia Rufiji, na mwisho wake ni mikoko ya delta, mkabala na Mafia. Mvua inayonyesha Hombolo nayo inafuata Kinyasungwe hadi Mkondoa, kisha Wami, kisha bahari pale Saadani. Udongo tunaouachia mashambani mwetu unakwenda kutua juu ya nyasi za watu wengine, na nyasi zikikosa mwanga zinakufa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu yake, bonde la Usangu, na bwawa likishuka, maji mafupi ya mazalia ndiyo yanayotangulia kwenda.

Pale Mtera tunakoegesha mitumbwi, upande wetu, wavuvi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani mahali pa kushushia samaki, wamekubali hori moja, ghuba ndogo ya bwawa, isipitishwe kokoro. Tumesimika miti ya alama. Mama wawili wanaokaanga samaki walikuwa wa kwanza kuunga mkono, kwa sababu wao ndio wanaoona perege wanavyopungua ukubwa kikaangoni, na ndio waliokuwa wakilazimika kuuza watatu kwa bei ya mmoja. Kuna walalamikaji, na lalamiko lao ni la haki: bwawa ni la pande mbili, na wa ng'ambo, upande wa Iringa, hawakuulizwa. Usiku wanavuka, wanakokota palepale kwenye alama zetu, asubuhi tunakuta miti imeng'olewa. Baadhi ya vijana wetu wanataka nasi tuvuke kuwalipizia. Wazee wamekataa. Tumepeleka ujumbe kwa mwenyekiti wa mwalo wao, amejibu kwamba watatusikiliza, ila tuje na mama wa kukaanga, si sisi wanaume peke yetu. Tunavuka baada ya mnada ujao.